Tope Apelekwa Kutunzwa

Pikapu ilikwishapita kinu cha pamba cha Magu ndipo Mama Kushal alipokumbuka kwamba hakuliaga jiko. Watu alikuwa amewaaga wote, mpaka wale asiowapenda. Lakini jiko lake la mkaa, alilopikia tangu alipoletwa bibi harusi, alikuwa ameliacha uani kama vile angerudi jioni kubandika dengu. Mume wake, Mahesh, akasema jiko halina masikio. Ngosha, dereva wao, akapunguza mwendo na kuuliza kama ageuze. Mama Kushal akatazama mbele, akafikiri, akasema basi, twende tu.

Wakaenda. Walikuwa watatu wamebanana mbele: Ngosha kwenye usukani, Mama Kushal katikati, Mahesh dirishani. Nyuma kulikuwa na masanduku ya bati, godoro lililoviringishwa na cherehani, vyote vimekazwa kwa kamba ya katani. Treni ya Dar ilikuwa inaondoka Mwanza jioni. Dar wangefikia kwa binti yao Bhumika, halafu ndege, halafu Leicester kwa Kushal, mtoto wao wa kiume, ambaye mwaka mzima alikuwa anawapigia simu posta kuwaambia wafunge duka. Kwa kweli duka lilikuwa limejifunga lenyewe. Tangu biashara iachiwe huru, spea za baiskeli ambazo zamani ulizipata kwao tu zilijaa kwenye kila kibanda cha soko, na baiskeli mpya ikawa rahisi kuliko kuifufua ya zamani.

Ngosha alikuwa mtu wa maneno. Barabara hiyo ya Magu na Mwanza aliizungumzia kila mara kama mtu anayesimulia ukoo wake, shimo kwa shimo. Siku hiyo alikuwa amenyamaza tangu asubuhi, na wote watatu walijua sababu. Sababu ilikuwa ndani ya kopo la biskuti lililokaa mapajani mwa Mama Kushal.

Ndani ya kopo mlikuwa na vimashine viwili vya mchezo, kimoja cha bluu na kimoja cha kijivu, pamoja na waya wa kuviunganisha. Kushal alivileta enzi zile anafuata bidhaa Dubai. Havikupata mnunuzi, maana mchezo wenyewe ulikuwa wa Kijapani, maandishi kama njiti za kiberiti zilizomwagika sakafuni, na hakuna mtu wa Magu aliyekuwa tayari kununua kitu asichoweza kukisoma. Vikakaa kaunta vikipigwa vumbi. Siku moja ya mvua, duka halina mteja, Mahesh akawasha kimoja, Ngosha akawasha cha pili, na hapo ndipo heshima ya watu wazima wawili ilipoishia.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Unatembea porini ndani ya kioo kidogo, unakutana na wadudu. Waliwaita wadudu wote, ingawa wengine walikuwa ndege, wengine samaki, wengine huwezi kusema ni nini. Unamkamata mdudu, unamfuga, anapata nguvu. Halafu unaunganisha waya unampambanisha na wa mwenzako, kwa zamu, pigo langu pigo lako, mpaka damu ya mmoja iishe. Damu ilionekana kama mstari juu ya kichwa chake, ukipungua kila akipigwa. Kila mdudu alikuwa na mapigo yake manne, na kwa kuwa hawakuweza kusoma, kila pigo walilijua kwa kulibonyeza na kutazama nani ameumia.

Mahesh alimfuga Karabai. Karabai alianza kama kibuzi chenye cheche kwenye pembe. Alipopata nguvu, kioo kikametameta akawa beberu. Kikametameta tena akawa dume la kutisha, kifua kama ngoma, pembe zinawaka kwa mvumo uleule wa taa ya karabai, ndiyo maana ya jina. Watoto wa sokoni walikuja barazani kumtazama tu.

Ngosha alimfuga Tope.

Alimvua kwenye dimbwi la mwanzo kabisa wa mchezo, mahali ambapo mtu mwingine angepita bila kusimama. Alikuwa kamongo, huyu huyu samaki wa ziwani anayejichimbia kwenye matope maji yakikauka. Kichwa bapa, macho madogo yaliyokaa mbalimbali kama taa za lori, mashavu yamejaa kama ya mtu aliyekatazwa kucheka msibani, na penye mapezi, nyuzi nne laini zinaning'inia. Kichwani alikuwa na bonge la udongo mkavu lililolala upande, mithili ya kofia ya mlevi. Mahesh alisema mchoraji alichoka: wengine aliwapa pembe, mabawa na minyororo, akafika kwa huyu wino umeisha. Ngosha akasema sivyo. Wale wengine mchoraji aliwabuni, ila huyu alimwona kwa macho.

"Mjapani huyu alishafika Nyanguge," alisema. "Labda alikuja na wale wapima barabara. Mtu hawezi kukaa kwao Japani akayajua mashavu haya."

Kioo hakikumetameta kwa Tope hata mara moja. Ngosha alingoja, akampambanisha na kila kiumbe cha porini, Tope akabaki Tope. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye aibu ikageuka majivuno, akawa anawaambia watu wa barazani kwamba Karabai alikuwa anabadilishwa kila siku kwa sababu alikosewa tangu mwanzo.

Vitani hakuwa wa kutisha. Alikuwa na kofi la mkia ambalo lilimkera adui kuliko kumwumiza. Alikuwa na pigo la kutema tope machoni, adui akaanza kurusha mapigo hewani. Alikuwa na usingizi: anajichimbia ardhini, inabaki ile kofia tu, na damu yake inapanda polepole. La nne lilikuwa puvu. Linatoka mdomoni, linapanda, linapasuka, hakuna kilichotokea. Ngosha alilijaribu mara kadhaa akaliacha. Hata kamongo wa kweli ana upungufu wake, alisema.

Kwa hiyo Tope alishinda kwa kuchosha. Anatema tope, anakwenda kulala, anaamka mwenyewe, anapiga kofi moja, anarudi kulala. Mahesh anaunguza, anaunguza, chai inapoa, mwishowe Karabai anaanguka kwa vikofi. Na Tope akiwa amelala, Ngosha alikuwa na sharti: hagusi kitufe chochote isipokuwa kile cha kupitisha zamu. Huko alikozaliwa, kando ya mbuga za Kisesa, mtu akikuta kamongo amejichimbia wakati wa kiangazi na hana haja naye, anamzunguka anapita. Kamongo aliyeamshwa kabla ya mvua haioni mvua. Mahesh, ambaye naye alizaliwa Magu, aliona sharti hilo ni la haki kabisa. Tereza, mke wa Ngosha na mama wa Mihayo, hakutaka hata kumwona Tope. Kama wanawake wengi wa kwao hakula kamongo, na alipoonyeshwa kioo aligeuza uso kama ametukanwa.

Asubuhi ile, wakati wa kufunga mizigo, Ngosha aliomba aachiwe kile kimashine cha kijivu. Hakuomba kingine. Pikapu ilikuwa imeshauzwa kwa mwenye mashine ya kusaga wa Igoma, naye Ngosha angeikabidhi akitoka stesheni, na hapo kazi yake ingekuwa imekwisha. Hilo alilimeza. Kumwona Tope anapanda treni ndiko kulikomkwama kooni.

Mahesh alikataa, na alikataa kwa Kisukuma. Zamani, pamba ilipokuwa pamba, baba yake Mahesh alinunua ng'ombe, na kwa kuwa hakuwa na zizi aliwapeleka kwa baba yake Ngosha. Huo ndio utaratibu wa watu wa huku: unampa rafiki ng'ombe akutunzie. Maziwa anakunywa yeye, samadi ya kwake, lakini ng'ombe anabaki wako. Unaweza kwenda kumtazama siku yoyote, na ukienda hurudishwi bila kula. Ng'ombe akifa, mtunzaji haleti maneno matupu, analeta ngozi. Mwaka mmoja wa ukame baba yake Ngosha alifika dukani na ngozi begani. Bibi yake Mahesh, Mhindu wa kufunga na kusali, akaziba mlango akilia kwamba ngozi ya ng'ombe haivuki kizingiti chake. Baba yake Ngosha naye hakuweza kuondoka nayo, kwani angeonekana mwizi. Walisimama hivyo mpaka jua likapinda, hadi baba yake Mahesh alipotoka, akaipokea kwa mikono miwili na kwenda kuizika nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikuachana.

"Wewe ulinitunzia," ndivyo Mahesh alivyomwambia. "Mashine ni yangu. Maziwa umekunywa, umenishinda mbele ya Magu nzima. Sasa mwenye ng'ombe anahama, na ng'ombe wake anahama naye."

Hiyo ilikuwa desturi ya kwao Ngosha mwenyewe. Akafunga kamba, akawasha gari.

Walipofika Nyanguge, Mama Kushal akachoka.

"Mmeninunia kulia na kushoto kama nimekaa katikati ya wake wenza," alisema. "Pambaneni muimalize. Tope akishinda, abaki na Baba Mihayo. Akishindwa, twende naye, na mtu asinune tena."

Mahesh akasema Ngosha anaendesha. Mama Kushal akafungua kopo, akampa mumewe kile cha bluu, akachomeka waya na kuwasha cha kijivu. Yeye ndiye angekuwa mkono wa Ngosha.

"Mama Kushal," Ngosha alisema, macho barabarani, "hivyo vitufe unavijua?"

"Miaka yote hiyo nimekaa jikoni, dirisha limetazama barazani. Ulidhani nilikuwa natazama ukuta?"

Wakaanza. Karabai aliingia na mvumo wake, Tope akaingia na kofia yake. Ngosha aliagiza tope machoni, Mama Kushal akabonyeza, likampata. Karabai akarusha moto ukapita pembeni. Kofi. Moto mwingine, huu ukafika. Ngosha hakuweza kutazama, maana kipande kile barabara ilikuwa imeliwa pande zote mbili, akawa anauliza tu damu imebaki kiasi gani, na Mama Kushal anamjibu kwa hesabu zake.

"Imebaki kama mafuta ya kukaangia yai."

"Alale."

Tope akajichimbia. Damu ikaanza kupanda. Mahesh, ambaye kwa miaka yote alipigana kwa hasira, leo alipigana kwa akili. Hakurusha vimoto vidogo. Aliagiza lile pigo kubwa, ambalo Karabai hutumia zamu nzima kuvuta nguvu, pembe zikigeuka nyeupe, na zamu inayofuata anaunguza kila kilichoko juu ya ardhi na chini yake. Alicheka kidogo. Ngosha alikisikia kicheko kile, akajua maana yake bila kuambiwa. Tope asingeamka kwa wakati.

Pale karibu na Kisesa kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Ngosha akakanyaga breki, masanduku yakagonga kabini, mchungaji akapiga mluzi, ng'ombe wakajaa kila upande wa gari wakitazama ndani kwa upole. Ngosha akatoa kichwa nje kubishana na mchungaji.

"Zamu yetu," alisema Mama Kushal. "Nibonyeze nini?"

Hakujibiwa. Akauliza tena. Mahesh naye alikaa kimya, maana adui hashauri. Mama Kushal akakitazama kioo. Kitufe cha kupitisha zamu kilikuwa pale, lakini yeye katika maisha yake hakuwahi kuacha sufuria motoni akakaa tu. Akaona lile pigo la nne, lile puvu ambalo hakuna aliyelitumia. Akalionea huruma. Akalibonyeza.

"Asiamshwe," Ngosha alisema akigeuka, lakini alichelewa.

Tope hakuamka. Ardhi pale alipolala ikavimba. Puvu likatoka chini ya ile kofia, likakua, likawa kubwa kuliko Tope, likawa kubwa kuliko Karabai, likajaza kioo chote, ng'ombe mmoja anatazama dirishani. Likapasuka. Pembe za Karabai zikazimika zote mbili kama taa iliyoishiwa mafuta ya taa, na mstari wake wa damu ukakimbia mpaka mwisho bila kusimama. Akapiga magoti, akaanguka.

Mahesh alikitikisa kimashine chake, akakipiga kwenye goti. Ngosha aliegesha gari pembeni, akakitwaa kile cha kijivu na kukishika mbali kidogo na macho kama anavyoshika gazeti. Karabai alikuwa chini. Tope alikuwa bado amelala, mashavu yanapanda na kushuka.

"Kumbe linafanya kazi akiwa usingizini," Mahesh alisema taratibu. "Miaka yote hii."

"Nilimheshimu," alisema Ngosha.

"Hata mimi nilikuacha umheshimu."

"Samaki akilala pumzi zake haziachi," Mama Kushal alisema huku akijifuta jasho kwa ncha ya sari. "Ninyi mlidhani zinakwenda wapi?"

Yeye hakula samaki wa aina yoyote tangu azaliwe, kamongo na sato kwake walikuwa kitu kimoja, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia nani aamshwe na nani aachwe. Ngosha akaanza kucheka, na Mahesh, ambaye ndiye aliyepigwa, akacheka mpaka akatoa miwani. Kuanzia Kisesa mpaka Igoma, mpaka Nyakato, Ngosha aliongea bila kituo. Alilisimulia puvu lile kana kwamba waliokuwa naye hawakuwepo.

Stesheni, mizigo ilipokwishaingia ndani, Mahesh alitimiza neno. Alikichukua kile cha kijivu kwenye kopo, akampa Ngosha kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Ngosha akakipokea. Alikuwa amepata alichotaka, na akashangaa jinsi kilivyokuwa chepesi.

Mama Kushal alikuwa ameketi kwenye benchi, kopo wazi mapajani, anaukunja waya. Aliukunja, akaufungua, akaukunja tena. Tangu Igoma alikuwa ameuliza maswali kama mtoto: je, Tope mashine ikizimwa anasikia? Je, akiwa amejaa damu anaweza kulala, au lazima awe ameumia kwanza? Huko alikokuwa anakwenda alimjua mwanawe tu, na mwanawe alifanya kazi usiku na kulala mchana. Jiko alikuwa ameliacha uani.

Ngosha akamwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Mama Kushal, shika."

"Ni chako. Umeshinda."

"Umeshinda wewe. Mimi nilikuwa nagombana na mchungaji." Akakiweka ndani ya kopo. "Ila sikupi. Nakuachia unitunzie. Maziwa yako, ng'ombe wangu."

Mama Kushal alizaliwa Shinyanga, hakuhitaji kuelezwa. Alifuta viganja kwenye sari, akashika kopo kwa mikono miwili.

"Ukija kumtazama," alisema, "hutarudi bila kula."

"Na mimi je?" aliuliza Mahesh, ambaye alikuwa amesimama pale na kile cha bluu mfukoni.

"Wewe una mbuzi wako," Ngosha alimwambia.

Mahesh akamwamkia kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni, maana hiyo ndiyo waliyozoea kupeana mlango wa duka ukifunguliwa. Ngosha akaitikia. Kengele ikalia, wakapanda.

Ngosha alikabidhi pikapu Igoma siku hiyohiyo. Mwenye mashine ya kusaga aliitumia kubebea pumba mpaka injini ikafa.

Jiko lililoachwa uani Tereza alilifuata, akalibeba. Bado analipikia.

Ndani ya treni Karabai alipigwa Shinyanga, akapigwa Tabora, akapigwa Dodoma. Mahesh alipiga simu posta ya Magu wakati wa Diwali, Ngosha akaitwa, na Mama Kushal akaanza na habari za Tope kabla ya habari za watu, kama inavyopasa mtunzaji. Alikuwa mzima. Alikuwa amemshinda kijana mmoja wa jirani ambaye alikuwa na joka.

Mahesh alifariki Leicester, moyo, baada ya miaka michache. Kushal aliuza vyombo vyake, na kimashine cha bluu kilikwenda pamoja na vyombo hivyo. Bhumika yuko Dar, ana duka la vitambaa.

Ngosha aliendesha malori ya samaki, akaenda Geita kwenye dhahabu, akarudi bila dhahabu, akaenda Kahama, akarudi tena. Hakufika Leicester. Sasa anakaa Kiseke, hapo Mwanza, kwa mtoto wake Mihayo, miguu inamsumbua.

Ndani ya kile kimashine cha kijivu mlikuwa na kijibetri kidogo kilichoshika kumbukumbu za mchezo, na hakuna kati yao aliyejua kwamba kipo. Siku moja kiliisha. Mama Kushal aliwasha akakuta pori tupu, Tope hayupo. Hakupiga simu. Alikisafisha kile kimashine, akakifunga kwa kitambaa cheupe, akampa Bhumika aliyekuwa amekwenda kumsalimia, naye Bhumika aliporudi Dar akampa mtu wa basi, mtu wa basi akakileta Mwanza. Hakukuwa na barua ndani ya kitambaa, maana mtunzaji haleti maneno. Mama Kushal alifariki mwaka uliofuata.

Ngosha alikipokea kwa mikono miwili. Kiko Kiseke, juu ya kabati.